Picha Ambayo Haikwenda Nairobi

Tulipomaliza arobaini ya mume wangu Athumani, wajukuu walikuja kufungua sanduku lake la bati, na humo ndani wakakuta picha zangu. Kwa saa nzima nyumba ilijaa vicheko. Walimcheka babu yao na kaptula yake pana ya ukarani, wakanicheka mimi nilivyokuwa mwembamba, wakaniuliza kwa nini nilimpiga punda yule yule mara nne. Salim, mkubwa wao, alikuwa akizipiga picha zile picha kwa simu yake ili ndugu zake walioko mbali nao wazione, nami nikamwacha. Ila alipofikia bahasha ya kaki iliyokuwa chini kabisa na kuanza kuifungua, nilimpokonya kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo. "Hii huioni," nikamwambia. Akashtuka. "Bibi, kwani kuna nini?" "Kuna mwanamke," nikasema, "na wewe ni mwanamume." Wote wakatazamana, wakadhani uzee umenipanda kichwani. Baadaye nilimketisha dada yake, Rehema, nianze kumweleza, lakini kwikwi ikanishika kabla sijafika katikati. Ndiyo maana naandika, maana kalamu haishikwi na kwikwi.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na Athumani alikuwa amehamishiwa Garissa, karani wa boma. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la makuti ya mikoche, na stoo nyuma yenye kidirisha cha kupitisha kichwa tu. Joto la pale silielezi. Aliyelionja analijua, na asiyelionja hataniamini. Kufika saa nne asubuhi kila mtu alikuwa amejificha ndani, nami sikuwa na wa kuzungumza naye mpaka mume wangu arudi kazini. Nadhani alinionea huruma, maana siku moja alirudi na kamera ya boksi, nyeusi, iliyoachwa na mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Unaishika kifuani, unainama kutazama kijioo kilicho juu yake, unazuia pumzi, unabonyeza. Mkanda mmoja ulitoa picha nane tu. "Piga moja kwa siku, mwaka mzima," Athumani akasema, "ingawa najua hutaweza. Kile kitambaa cha meza ulichoanza kukidarizi wakati wa fungate kiko wapi?" Maneno yale yalinichoma. Nikala kiapo pale pale kwamba nitapiga picha kila siku ya Mungu, moja, si mbili. Leo naona kwamba alinijua vizuri kuliko nilivyodhani, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuambiwa siwezi.

Mikanda iliyojaa niliifunga ndani ya kopo na kumpa dereva wa lori la Alhamisi, naye aliifikisha kwa Mhindi mmoja mwenye duka la picha Nairobi. Picha zilirudi baada ya wiki tatu, ndogo, zenye kingo nyeupe, zikinuka dawa. Kwa hiyo kila siku ya mwaka ule niliiishi mara mbili: mara ya kwanza nikiwa ndani yake, na mara ya pili nikiwa nimeketi mkekani na Athumani, chai ikipoa, tukibishana kama hili ni wingu au ni kidole changu mbele ya kamera. Nilipiga mto Tana ukiwa mwembamba na ukiwa mnene. Nilipiga pantoni ikivusha mbuzi, mzigo wa maziwa juu ya ngamia, kofia ya mume wangu juu ya msumari. Watu niliwapiga kwa nadra. Wengine waligeuza nyuso, na sikuwalaumu, maana mtu ana haki ya kutunza uso wake. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alinikubalia kwa moyo mkunjufu, kisha akatoka mbele ya kamera akaacha fahali wake peke yake. "Yeye nasimama," aliniambia, "mimi nangoja." Siku nilizokosa la kupiga nilimpiga punda wa mchota maji, ambaye hakuwahi kuwa na kinyongo.

Dahabo alikuwa jirani yangu wa nyuma. Kati ya ua wake na wangu kulikuwa na ukuta wa mikeka tu, na kabla sijamwona nilikuwa nimeshaisikia sauti yake, akimsema mbuzi, akiimba, akibishana na wifi yake juu ya chumvi. Tulilingana umri. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, leo yuko huku, mwezi ujao yuko kule, na kwa hiyo sote wawili tulikuwa na mchana mrefu wa kuumaliza. Chumba chake kilikuwa na giza la kupumzisha macho na harufu mbili zisizochanganyika, ubani upande wa kitanda na moshi upande wa vyombo. Alikuwa akisafisha kibuyu cha maziwa kwa makaa: anatia kaa jekundu ndani, anafunika, anakitikisa huku na huku, kisha anakung'uta majivu, na maziwa yatakayowekwa humo yanakaa siku kadhaa bila kuharibika na yanakuwa na ladha ya moshi ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yananitoka. Alinipikia anjera, mikate laini ya unga uliochachuka, akanifundisha kula nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa katika samli, akanicheka nilivyotafuna. Mimi nilimpikia wali wa nazi iliyotoka pwani kwa lori. Alikula kijiko kimoja, akasema kwa heshima kubwa, akiniita dada kwa Kisomali, "Abaayo Rukia, hii nafaa mgonjwa."

Kuhusu kamera alikuwa na sheria yake. "Biga mkono," aliniambia siku ya kwanza. "Mkono haina jina." Basi nilipiga mikono yake ikisuka mkeka, miguu yake penye majivu, mgongo wake akiinama kukamua mbuzi. Uso alikataa, na hakukataa kwa sababu ya picha yenyewe. Alikuwa amenisikiliza vizuri nilipomweleza mikanda inakwenda wapi. "Huyo Muhindi naosha bicha na maji?" akauliza. Nikasema ndiyo, kwa dawa, gizani. "Kwa hiyo nashika uso yangu na mkono yake, naangalia mpaka nachoka." Nilicheka, nikamwambia Mhindi ana nyuso mia kila siku, hana habari na wake za watu. Yeye hakucheka. "Bicha yangu asione mwanamume asiye yangu. Hata mmoja. Siku wewe naosha mwenyewe, mimi nakaa mbele ya kamera na nafungua kichwa." Nikamwambia basi nitajifunza. Mwezi ule ule nilimwomba Athumani aagize unga wa dawa na karatasi za kuchapia, na vilipofika na maelezo ya Kiingereza alinitafsiria, tukavitia stoo. Niliahidi kama kijana anavyoahidi, bila kujua kazi yenyewe ikoje.

Alikuwa na mimba, ya kwanza, na kufika mwezi wa nane tumbo lilikuwa limemshangaza mwenyewe. Mama yake, Kaltuma, alikuwa upande wa Hulugho na ng'ombe wake, na ilikwisha kukubaliwa kwamba atakuja kumlea mwanawe siku arobaini za uzazi. Lakini mvua ilikuwa imeanza mapema, ile ardhi nyeusi ya Ijara, njiani kwake, ikigeuka tope la kumeza magurudumu, na habari tulizopata ni kwamba mama atachelewa. Dahabo hakuwa na hofu. Kilichomuudhi ni kwamba mama atakuta tumbo limeshakwisha. "Nitamwambia nilikuwa namna hii, yeye nasema nadanganya. Yeye kila kitu nasema nadanganya." Ndipo akasema tupige. Tulizungusha mikeka uani tukabakiza juu wazi ili jua liingie, wifi yake akakaa mlangoni kulinda. Dahabo akafungua kitambaa cha kichwa, nywele zikashuka, nami nilistaajabu, kwa kuwa miezi yote ile nilikuwa sijaziona zote. Alisimama amekauka kama askari wa gwaride. Nikamwambia, "Usisimame hivyo. Simama kama mama yako atakavyosimama akiona tumbo hilo." Papo hapo akaweka mkono kiunoni, akarudisha kidevu nyuma, akanitazama kuanzia miguuni hadi utosini kwa dharau ya mama mzima aliyekuta maziwa yamemwagika, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Nilibonyeza katikati ya kicheko. Ilikuwa picha ya tano ya mkanda ule.

Ya sita ilikuwa mto uliofurika. Ya saba ilikuwa lori la Alhamisi likiwa limekwama ng'ambo, watu wakilitazama. Ya nane sikupiga. Dahabo alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ile, na hadi alasiri alikuwa amejifungua mtoto wa kike na damu ilikuwa haikatiki. Mkunga alifanya alichokijua, na tabibu wa boma alifanya alichokijua. Nilikuwa nimeshika miguu yake. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu yeye angesema huko nako asione mwanamume. Alizikwa kabla jua halijazama, mtoto akachukuliwa na wifi aliyekuwa ananyonyesha, na mimi nikarudi nyumbani nikaiweka kamera juu ya kabati, nikaigeuza jicho lake likatazama ukuta. Kiapo changu kilivunjika. Athumani, mtu mwenye utani wa kila saa, alichukua kitambaa changu cha meza ambacho sikukimaliza, akakikunja vizuri, akakirudisha mahali pake.

Baada ya siku tatu za matanga, jambo moja halikuniacha nilale: uso wake ulikuwa ndani ya ile kamera. Niliuzungusha mkanda mpaka mwisho, nikautoa, nikaufunga kwa uzi na kuuweka ndani ya mtungi mtupu usipate joto. Nilikuwa na mkanda mwingine uliojaa ambao haukuwa umesafirishwa kwa sababu ya mafuriko, na huo ndio niliojaribia. Nikaingia stoo mchana, nikaziba kidirisha kwa blanketi, nikafunga tochi kwa kitambaa chekundu, nikachanganya dawa. Maji niliyachukua kutoka kwenye kibuyu cha Dahabo alichokuwa amenipa, kwa sababu nilitaka mkono wake uwemo katika kazi hiyo. Nilifanya upumbavu uliotokana na mapenzi. Vumbi la makaa lilijaa mkandani kila mahali, na kabla sijamaliza kulilalamikia, utando wenyewe wa picha ulianza kuteleza kwa joto la maji, ukajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ukaanguka ndani ya karai. Picha nane zikaniponyoka mbele ya macho. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa nimeona kitakachompata Dahabo nikimgusa.

"Upeleke Nairobi," Athumani aliniambia. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yake yalikuwa na akili. "Lori litapita wiki hii. Yule bwana ana barafu, ana maji safi, hajui Dahabo ni nani na hatajua. Wewe unataka nini, kutunza ahadi au kutunza uso? Maana vyote viwili huvipati." Nikamjibu kwamba nimemwahidi. "Ulimwahidi mtu aliyekuwa hai," akasema polepole, "na wewe sasa unaweza kumuua mara ya pili." Hilo lilinikaa rohoni siku nyingi. Jumatano nilitia mkanda ndani ya kopo. Alhamisi asubuhi nikautoa. Alhamisi iliyofuata nilifika nao hadi kwenye lori lenyewe, dereva akanyoosha mkono kulipokea kopo, nami nikamwambia nimesahau kitu, nikarudi mbio. Naijua aibu ya mtu asiyeweza kuamua, anavyowaudhi watu wa nyumbani mwake, nami mwezi ule nilikuwa mtu huyo.

Kaltuma alifika kwa miguu sehemu kubwa ya njia, wiki tatu baada ya maziko. Alikuwa mrefu kuliko mwanawe, mkavu, na alizungumza Kiswahili alichokiokota katika kuuza samli upande wa Lamu. Alimchukua mjukuu wake, akamnusa kichwani, akakaa naye siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwangu, akaketi kizingitini, akakataa kiti. "Nimesikia uso ya mtoto yangu iko kwako," akasema. Nikamwambia kila kitu: sharti la Dahabo, mkanda ulioyeyuka, Mhindi wa Nairobi, maneno ya mume wangu. Nikamwita mama kwa lugha yake, "Hooyo, ukisema niupeleke, nitaupeleka. Wewe ni mama yake." Nilitamani aseme hivyo. Aliondoa udongo uliokauka kwenye viatu vyake. "Alisema asione mwanamume?" "Alisema." "Basi asione. Kama nabotea, ibotee bale bale kwa sisi." Kisha akainuka kama mtu aliyemaliza biashara. "Wewe nasema maji moto naharibu. Maji ni kazi yangu mimi. Mimi nakunywa maji baridi katika nchi hii maisha yangu yote."

Hakugusa vibuyu vya moshi. Alinunua mtungi mpya wa Wapokomo, akausugua kwa mchanga, akatia maji ya mto na kipande cha shabu ili tope litue, akayamimina polepole kwenye mtungi wa pili, akauvika gunia lililolowa, na kuuweka uani pale ambapo mikeka miwili ilikuwa inauelekeza upepo. Kila gunia lilipokauka alililowesha tena. Tulianza mara baada ya sala ya alfajiri, saa ambayo hata Garissa ina ubaridi kidogo. Athumani alifukuzwa, akaenda msikitini na saa yake ya mkononi, na tulipokwisha kujifungia stoo ndipo tulipogundua kwamba hatuna cha kupimia muda. Karatasi ya maelezo ilisema dakika tano. Kaltuma akatoa tasbihi. "Moja nazunguka kama hivi," akasema, akanionyesha mwendo wake, "nadhani tatu natosha." Basi mimi nikaupitisha mkanda katika dawa, kupanda na kushuka, na yeye gizani kando yangu akavuta tasbihi tatu akimtaja Mungu, na katika mzunguko wa tatu niliisikia sauti yake ikibadilika na nikajua alikuwa anamwombea nani. Chini ya ile tochi nyekundu vivuli vilianza kutokea mkandani. Nilimwona mtu aliyesimama. "Yuko," nikasema. "Hooyo, yuko!" Aliendelea kuvuta tasbihi, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kuhesabu.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Tulipofika kwenye kusuuza kwa mwisho, ambako giza halikuhitajika tena, maji ya mtungi yalikuwa yamekwisha, na mimi kwa furaha na haraka nikachota kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, ambayo jua lilikuwa limeshaigusa. Utando ukaanza kuteleza tena kutokea mwisho wa mkanda. Lori likaenda. Mto ukaenda. Nikaunyakua mkanda na kuuinua juu, lakini picha ya tano ilikuwa imeshakunjika nusu yake ya chini. Tuliutundika, na kwa ule ukavu wa hewa haukuchukua muda. Ndio huo uliomo katika bahasha ya kaki, ambayo Athumani hakuifungua kamwe. Tukajifungia tena, nikachapisha picha moja, nikaisuuza kwa maji ya kunywa tuliyobakiza, nikamkabidhi Kaltuma bila kumtazama. Kulikuwa na nywele, paji la uso, macho yaliyofumbwa nusu, mdomo wazi wa mtu anayecheka. Kuanzia kifuani kushuka kulikuwa na weusi uliokunjamana. Tumbo lile alilotaka mama alione, ambalo ndilo sababu ya picha yote, halikuwepo.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba ningeipeleka Nairobi angempata mzima. Kaltuma hakuwa ananisikiliza. Alikwenda na ile picha mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu sana, akaiweka mbali, akaileta karibu. "Ulimwambia nini," akauliza, "yeye nacheka namna hii?" Nilikuwa na nafasi ya kubuni neno lolote zuri, la mtoto, la dua, la mama. Nikaona haya kumdanganya mtu aliyekuwa ametoka kuvuta tasbihi zile. Nikamweleza kwamba nilimwambia asimame kama mama yake atakavyosimama akiona lile tumbo, naye akamwigiza. "Mimi?" akasema. "Wewe, Hooyo. Unisamehe. Ulikuwa utani wa vijana." Alirudi ndani, akaketi juu ya gunia la mchele, akaiweka picha mapajani, kifudifudi. Nilidhani nimeharibu hata kile kilichosalia. "Hapa haionyeshi," akasema mwishowe. "Hapa ni kichwa tu. Nionyeshe."

Sikuelewa kwanza. Alirudia, kwa upole kidogo. Basi nilisimama katikati ya stoo ile, makarai miguuni pangu, nikaweka mkono kiunoni, nikarudisha kidevu nyuma, nikamtazama kuanzia miguuni hadi utosini, namwigiza rafiki yangu aliyekufa akimwigiza mama yake, mbele ya mama mwenyewe, na machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni. Kaltuma alinikagua. Kisha akatikisa kichwa.

"Siyo hiyo," akasema. "Mimi naweka mkono ya kushoto. Yeye najua."

Nikabadilisha mkono.

"Naam," akasema, na sauti ikamkatika. "Huyo ndiye."